Mtungi Umekalia Kiti cha Mteja

Leo asubuhi nimeletewa barua rasmi ya kunijulisha kwamba barua yangu rasmi haiwezi kujibiwa. Imeandikwa kwa adabu kubwa, ina nembo juu na muhuri chini, nambari yake ya kumbukumbu ni ndefu kuliko uchochoro ninaokaa, na imetiwa saini kwa niaba ya mtu ambaye naye anakaimu nafasi ya mtu mwingine. Sababu iliyotolewa ni kwamba ombi langu "linahusu mambo mawili katika barua moja, kinyume cha utaratibu". Mambo mawili hayo ni mtungi wa kuzimia moto na ukuta wa kuutundikia. Mimi nimezaliwa Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, nimekulia Mkomani, na sijapata kuona kitu kilichotundikwa pasipo kitu cha kukitundikia. Lakini pengine huko ofisini dunia imepangwa vingine.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Si woga, ni kwamba cheti changu bado kiko mikononi mwao.

Mgahawa wangu una meza nne. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, jioni ni viazi karai na mishikaki, na katikati ya hapo ni wazee wanaokaa na kikombe kimoja cha kahawa wakiirekebisha serikali. Leseni ya biashara inataka cheti cha zimamoto, cheti kinataka mkaguzi, na mkaguzi, kijana mwenye heshima zake, alikuja akakagua jiko, akakagua mpira wa gesi, akala mahamri na akayalipia, jambo ambalo nalitaja ili liingie katika kumbukumbu. Akasema mtungi wa kuzimia moto usikae sakafuni. Utundikwe ukutani karibu na mlango, pahali panapoonekana. Neno la haki. Ila ukuta wenyewe ni wa matumbawe na chokaa, ulijengwa kabla ya babu wa babu yangu, katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na katika mji wa namna hiyo mtu hatoboi tundu kwa kujiamulia. Nikaenda kwa wanaohusika na kuta. Walinisikiliza vizuri, wakasema nilete barua ya watu wa moto inayoonyesha kwamba tundu hilo linahitajika. Nikarudi kwa watu wa moto. Wakasema hawawezi kuandika juu ya ukuta ambao hawajaona idhini ya kuutoboa. Tangu siku hiyo mtungi umekaa juu ya kiti, kwenye meza ya kwanza, ukiwatazama wanaoingia, na mzee mmoja asiyeona vizuri huuamkia kila asubuhi, kisha akanuna kwa kutojibiwa.

Sikatai kwamba mambo ya moto yaandikwe. Idhini ya mdomo ina ubaya wake, maana jengo likishateketea, aliyesema "wewe endelea tu" hukumbuka kwamba siku hiyo hakuwepo kazini. Karatasi yenye jina, cheo na tarehe humshika mtu. Afisa akihamishwa, anayemrithi hufungua faili akajua ni nani aliyeruhusu nini, na kwa masharti gani. Hata ile kanuni ya barua moja kwa jambo moja ina akili yake, kwa sababu barua yenye mambo mawili hutakiwa kukaa katika mafaili mawili, na karatasi moja haina uwezo huo. Haya yote nayajua kwa kuwa nimeelezwa, tena nimeelezwa nikiwa nimesimama.

Aliyenieleza ni karani wa masjala. Binti huyu ni mtoto wa jirani yangu. Amekula mahamri yangu tangu hana meno ya mbele, na mtaani huniita Ami, hunipokea kikapu, huniuliza hali ya goti. Lakini akishakaa nyuma ya lile dirisha, mimi si Ami tena. Mimi ni mwombaji.

"Mwombaji, barua hii haina kumbukumbu yenu," alisema.

"Yetu sisi na nani, mwanangu? Niko peke yangu."

"Kumbukumbu ya upande unaoandika. Kuna kumbukumbu yetu, hiyo tutaiweka sisi. Kuna kumbukumbu yenu, hiyo mnaiweka nyinyi. Isipokuwepo, tukijibu hatutakuwa na cha kurejelea."

"Rejeleeni jina langu."

"Jina si kumbukumbu."

Nikaazima kalamu, nikaandika pale pale dirishani: MAHAMRI/MTUNGI/1. Nilitaraji kukemewa. Binti aliisoma polepole, akaitikia kwa kichwa, akainuka akaifungulia faili. Nasema faili, jipya, la rangi ya waridi, lililoandikwa MAHAMRI kwa herufi kubwa, likawekwa rafuni kati ya bandari na mabweni. Wizara nzima haikuwahi kunipa hadhi ya namna hiyo, na kwa muda mfupi nilisahau nilichokuja kutafuta.

"Sasa, mwombaji, imepitia kwa nani?"

"Nimepitia nayo sokoni, nikakata mbele ya Ngome, nikajibanza ukutani kupisha punda wa saruji, nikafika."

"Nauliza kimaandishi. Barua ya afisa mkuu haiendi kwake moja kwa moja, hupanda ngazi. Zimamoto mwenyewe akitaka likizo huandika kupitia kwa kiongozi wa zamu, kiongozi wa zamu akatia maoni yake, afisa wa kituo akatia yake, ndipo ifike juu. Wewe mkubwa wako ni nani?"

"Sina mkubwa. Mgahawa ni wangu."

"Kila mtu ana mkubwa, Ami," alisema, na kwa kuponyokwa na hiyo "Ami" nikatambua kwamba ananihurumia.

Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kizingitini. Bwana mmoja aliyeshika barua ya jenereta, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, akasema kwa sauti: "Si ana mke huyu?"

Watu walicheka, binti hakucheka. Alitoa kijitabu cha taratibu kutoka kwenye droo, akapekua, akasoma ukurasa mmoja kwa kidole, kisha akatamka kwamba hakuna pahali palipoandikwa kuwa mke si mkubwa. Basi ikaandikwa hivyo: Kwa Afisa Mkuu wa Zimamoto, kupitia kwa Mama Watoto.

Nilidhani mke wangu atatia saini huku anakuna nazi, mambo yaishe. Aliosha mikono. Akavaa miwani. Akaketi pahali penye mwanga, akaisoma barua kuanzia anwani, kisha akaniambia kwamba kwa hali iliyopo hawezi kuipitisha. Katika aya ya pili nilikuwa nimesema mgahawa una mafuta ya kutosha ya kukaangia, na yeye tangu juma lililopita ananiambia yamekwisha, akaipiga mstari. Katika aya ya tatu nilijiita mmiliki. Akaongeza juu yake neno "mwenza". Nikamwomba kwa upole akumbuke kwamba hii ni barua ya mtungi. Akanijibu kwamba msimamizi anayetia saini bila kusoma ndiye anayeunguza miji, na hapo sikuwa na la kusema, kwa kuwa ni kweli. Mwisho kabisa, pahali pa maoni ya msimamizi, aliandika kwa ule mwandiko wake mzuri: "Naunga mkono ombi hili, kwa sharti kwamba tundu lisitobolewe wakati wateja wakiwapo, na mwombaji alete kwanza mtungi wa gesi wa nyumbani uliokwisha." Akatia saini na tarehe, akadai nakala kwa ajili ya faili lake. Nikamuuliza faili lipi. Akanionyesha bati la biskuti.

Masjala waliipokea barua hiyo wakaigonga muhuri, na jawabu lake ndilo lililofika leo. Limeandikwa kwa "Mkurugenzi Mkuu, Mahamri". Linanitaka nilete MAHAMRI/MTUNGI/2 kuhusu mtungi peke yake, na MAHAMRI/UKUTA/1 kuhusu ukuta peke yake, zote mbili kupitia kwa Mama Watoto. Kisha, na hapa ndipo damu iliponipanda, linanitaka nitoe maelezo ya kimaandishi, haraka iwezekanavyo, kuhusu mtungi wa gesi uliotajwa katika maoni ya msimamizi, kwa sababu gesi ni suala la moto na mtungi huo haukuonyeshwa kwa mkaguzi. Mtungi wenyewe uko jikoni kwangu nyumbani, ni mtupu, na ndiyo sababu leo nimekunywa chai ya jana.

Nimekwenda huko nikiwa na Katiba kwapani. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti huduma za zimamoto na udhibiti wa maafa. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria na kwa busara, na akidhurika na uamuzi wao apewe sababu kwa maandishi. Sababu kwa maandishi mimi ninazo. Droo ya pesa haifungiki kwa ajili yake. Ile haraka ndiyo sijaiona. Tena iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayompa afisa siku 21 kujibu anayeomba habari, na saa 48 endapo habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu. Saa 48! Makuti yakishika moto wakati wa kaskazi, saa 48 baadaye hakuna anayengoja habari. Watu wanahesabu boriti zilizobaki. Nimeyasema haya yote dirishani, kwa sauti ambayo mkurugenzi mkuu hapaswi kuitumia. Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni hoja nzuri sana, mwombaji, ila niiandikie barua yake.

Na mji wetu mnaujua. Gari la zimamoto, hata liwe jipya namna gani, haliwezi kuingia pahali ambapo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi kinyumenyume hadi kwa mwenyewe. Moto wa mitaani kwetu huzimwa na watu waliojipanga kwa ndoo, kwa maji ya birika la kuogea na ya visima, na vijana wanaopanda juu ya dari kuyang'oa makuti ya nyumba ya pili kabla hayajashika. Hao hawaandiki kupitia kwa mtu. Wala vijana wa zimamoto wenyewe sina ugomvi nao, wao wakiitwa huja mbio, hata kwa miguu. Lakini dakika ile ya kwanza, mafuta yakiruka kwenye karai, mtu aliye karibu ni mimi, na chombo kilicho karibu ni ule mtungi, nao uko kwenye kiti unangoja kupitishwa.

Zoezi la kujiokoa nalo nimelifanya, kwa kuwa kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini zinalitaka angalau mara moja kila miezi 12. Wazee wa kahawa walikataa kutoka mpaka wamalize kikombe, na ripoti ya zoezi imerudishwa kwa sababu haikuwa na pambizo. Mwenye fotokopi ananitoza hata ukurasa mtupu. Ujumbe wa M-Pesa, nimeambiwa, si risiti. Uchapishwe, ugongwe muhuri, ndipo uwe risiti. Na yule mkaguzi wangu, yule aliyelipia mahamri, amehamishwa. Aliyekuja badala yake anataka mtungi uwe upande wa kulia wa mlango, ambako kuna dirisha.

Jioni hii amenijia yule bwana wa jenereta. Ana harusi ya bintiye, anataka kibali cha jenereta na taa uwanjani, na barua yake imekataliwa kwa kukosa mkubwa, kwa kuwa amefiwa na mkewe na hajaoa tena. Alikuja, eti, kuniuliza kama barua yake inaweza kupitia kwa mke wangu. Nikamwambia kwa heshima kwamba mke wangu ni mkubwa wangu mimi, si mkubwa wa wilaya. Mama Watoto, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akatoka ameshavaa miwani. Amekubali kumkaimia, mpaka harusi ipite, kwa malipo ya kilo mbili za kamba wa baharini. Bwana akashukuru, akaondoka, akasahau kwamba hana kamba. Na mimi ndiye niliyetumwa gatini alfajiri kumtafutia, kwa mkopo, halafu atanilipa baada ya harusi. Kamba wenyewe siku hizi wako wapi? Watu wa hoteli huwapokea kabla mashua haijatia nanga, mimi na wewe tunaachiwa vichwa, na muuzaji ukimuuliza bei hakutazami usoni, anatazama kule mashua zingine zinakotokea, ya kwanza huwa ya hoteli, ya pili huwa ya hoteli, ya tatu huwa imekuja na ngisi.