Usiniambie nina sauti nzuri

Nilipomaliza demo yangu ya kwanza ya uigizaji wa sauti, yaani rekodi fupi ya kuwaonyesha wenye kazi sauti unazoweza kuigiza, niliituma kwa watu 18 siku hiyo hiyo. Kufikia usiku nilikuwa na emoji za moto za kutosha kuivisha sufuria la maharage. "Kaka, una sauti nzuri." "Hii sauti ya redioni kabisa." "Unapoteza muda huko kazini kwako." Nikalala na furaha zangu, nikaamka sina hata jambo moja la kurekebisha.

Tangu hapo nina ugomvi na maneno "sauti nzuri". Kwa anayesoma tangazo la sabuni, sawa, sauti ndiyo mtaji wake. Demo ya wahusika ni habari nyingine. Anayeisikiliza anatafuta fisi, mama mkwe, mtoto mtukutu wa miaka 9. Akisikia sauti nzuri na fisi asimwone, kazi imekwenda kwa mwingine. Na muda wenyewe ndio huo: sekunde 60 hivi, vipande vitano au sita, chenye nguvu kuliko vyote kikitangulia, bila maneno marefu ya kujitambulisha.

Yangu ilikuwa na watu sita: bibi kikongwe, konda wa daladala, fisi, mfalme, mtoto, na mzee wa Kizanzibari. Nilirekodi kabatini kwangu Tabata, katikati ya mashati, godoro limeegeshwa mlangoni, feni imezimwa, jasho linachuruzika mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa naanza saa nane usiku bodaboda zikishapungua. Isipokuwa kipande cha mfalme, nilichokirekodi mchana kwa kiburi. Ukisikiliza kwa spika za masikioni, mfalme anapotoa hukumu, kwa mbali kabisa anapita muuza lambalamba na muziki wake.

Hao 18 hawakumsikia. Kosa langu: niliituma WhatsApp kama sauti ya kawaida, ikabanwa, wengi wakaisikiliza kwa spika ya simu, mmoja akiwa ndani ya gari la Mbagala. Sasa natuma faili lenyewe kama waraka, na naomba mtu asubiri mpaka afike nyumbani.

Nikaona nitafute mtaalamu. Nilimlipa mmoja shilingi 50,000 anisikilize. Baada ya siku nne akajibu: "Iko poa, ila ongeza hisia." Hisia zipi, bwana? Za kufiwa au za kudaiwa kodi? Fisi aongeze, na konda aongeze? Naamini hakufika kipande cha tatu.

Maoni ya kwanza yaliyonisaidia yalitoka kwa rafiki yangu mzaliwa wa Chake Chake, Pemba, na yaliniuma. Alinipigia badala ya kuandika. "Huyo mzee wako si wa kwetu. Huyo ni Mbara anatuigiza." Akanihesabia: "yakhe" mara tatu ndani ya sekunde 10. Nyumbani kwao, alisema, hajamsikia mtu anayeitoa kwa kasi hiyo labda awe anauza yakhe kwa kilo. Nilicheka, kisha nikaona haya. Yule mzee sikuwahi kumsikia popote. Nilimwokota kwenye vichekesho vya watu wengine ambao nao walimwokota. Nikamfuta.

Ya pili yalitoka kwa mpwa wangu wa miaka 6. Huyu hajui demo ni nini, na hana sababu ya kunifurahisha. "Mjomba, huyu fisi ana mafua?" Nikamwambia labda. Akafikiri kidogo. "Anataka kula ila anaona aibu kuomba." Sikuwa nimeandika aibu mahali popote. Nilibana pua tu, basi. Lakini fisi mwenye mafua na aibu alikuwa bora mara mia kuliko niliyemkusudia, nikarekodi upya nikimfuata huyo wa mpwa wangu.

Ya tatu ndiyo yaliyonigeuza. Mtaa wa pili kuna mama mmoja aliyewahi kuigiza michezo ya redio enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Nilimkuta uani anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, nikamweleza shida yangu. Akakataa spika za masikioni, akasema weka simu hapo juu ya kinu. Vidole vinaendelea kutoa mawe kwenye ungo, mchele unasukumwa upande huu na upande huu, usoni hakuna kitu. Alipofika kwa bibi kikongwe, mikono ikasimama.

"Huyu anatetemeka ana nini, homa?"

Nikasema ni mzee, mama.

"Bibi yako wewe anatetemeka?"

Nikamfikiria bibi yangu. Hatetemeki hata kidogo. Anaanza sentensi, anatua katikati kuvuta pumzi, na hakuna mjukuu anayethubutu kuingilia pale.

"Mzee haishiwi sauti, mwanangu, anaishiwa pumzi." Akaomba irudiwe yote tangu mwanzo. Safari hii alifumba macho. "Watu wako watano nimewasikia. Lakini wote wanapumua mahali pamoja. Mfalme anavuta pumzi kama konda, konda kama mtoto. Huyo ni mtu mmoja amebadilisha kofia." Halafu akauliza kama ile sauti ya mfalme naweza kuitoa tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Nikaijaribu hapo hapo, sentensi ya tatu nikakohoa. Hakusema kitu, akarudi kwenye mchele wake.

Nilipofika nyumbani nikafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti inayoichora sauti kwenye skrini, nikavipanga vipande vyote kimoja chini ya kingine. Ilionekana kwa macho: mlima, mlima, bonde, mlima, mlima, bonde. Kila baada ya maneno manne au matano, pengo la urefu ule ule, kwa fisi na kwa mfalme.

Kuna watakaonikumbusha mabanda ya video, na DJ Afro wa Kenya anayesimulia filamu nzima peke yake na watu wanafurahi. Ni kweli, nami nimefurahi sana. Ila pale tunakuja kumsikia yeye DJ. Mhusika mkuu ni yeye, hao wa kwenye skrini ni kisingizio. Kazi za kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za kigeni ni kinyume chake. Tangu TBC ilipoonyesha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ikizungumza Kiswahili, watazamaji wamezoea kumsahau kabisa aliye nyuma ya maikrofoni. Humo utambeba mhusika mmoja vipindi kadhaa, na juu ya hapo midomo ya kwenye skrini inakudai: ikifunga, wewe uwe kwenye "m", "b" au "p". Sauti ya kukwaruza koo haifiki huko.

Kwa hiyo mimi siombi tena "maoni". Ukimwuliza Mswahili mwenzako kama kazi yako ni nzuri, umemlazimisha awe na adabu, naye atakuwa nayo. Wala simwombi mtu anishauri, kwa sababu mshauri anakuambia angefanyaje yeye. Nauliza matatu: umemsikia nani, yuko wapi, anataka nini? Kisha nanyamaza, jambo gumu kuliko kurekodi. Mtu akisema "nimemsikia mwanamume anaigiza mzee", nimepata jibu kamili na sina cha kubishana. Mafundi nawaachia mambo ya kifundi, kelele za nyuma, mlio wa "p" unaopiga maikrofoni, na hapo nawatii bila maswali.

Demo ya pili ina watu wanne tu, sekunde 48. Fisi anatangulia. Mfalme hayumo, na muuza lambalamba kaondoka naye. Nilimpelekea yule mama Jumamosi iliyopita, nikaweka simu juu ya kinu kama kawaida. Aliisikiliza mara moja tu.

"Huyu bibi wa mwisho," akasema, "nyumbani kwake wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Nikasema Kilosa, kwa kuwa ndiko alikozaliwa bibi yangu.

"Nilijua si wa mjini," akasema, akavuta ungo.