Elimu ya Mtoto wa Kiyahudi Marekani: Wapi pa Kulegeza, Wapi pa Kukaza

Kwa vizazi vingi, mtoto wa Kiyahudi wa Marekani aliyesoma shule ya serikali alikuwa na darasa la pili lililomsubiri sinagogini, ama alasiri baada ya masomo ya kawaida, ama Jumapili asubuhi. Huko alifundishwa herufi za Kiebrania, sala, habari za Torati na maandalizi ya bar mitzvah, siku ambayo kijana aliyetimiza miaka 13 husimama mbele ya jumuiya yake akasoma Torati. Madarasa hayo yanapungua kwa kasi: mwaka wa masomo wa 2006-2007 yalikuwa na wanafunzi wapatao 230,000, na hesabu iliyotolewa mwaka 2023 ilionyesha wapatao 141,000. Wakati huohuo imezuka mipango ya namna nyingine. Kuna vituo vinavyowapokea watoto wanapotoka shuleni na kukaa nao hadi jioni wakipika, wakichora na kujadili aya. Kuna masomo ya mwalimu mmoja na mtoto mmoja kwa njia ya video. Kuna vikao vya Sabato ambavyo mzazi hujifunza pamoja na mwanawe. Wanaoipenda mipango hii wanaona imerudisha uhai, na wanaoitilia shaka wanaona ni namna ya kufundisha kidogo kwa jina zuri. Mimi naona pande zote mbili zina haki, ila zinabishania mambo mawili kana kwamba ni moja.

Hoja ya wanaotaka ulegevu ina mizizi mirefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwagiza mzazi awafundishe watoto wake na kuyanena maneno hayo aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aamkapo. Hapo hapatajwi darasa wala ada. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi unaionyesha amri hiyo ikitendeka. Familia huketi mezani, na mtoto mdogo kuliko wote waliopo ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mingine. Majibu yamo sahanini: mkate usiotiwa chachu kwa sababu waliotoka Misri hawakungoja unga uumuke, mboga chungu kwa ajili ya uchungu wa utumwa, na mchanganyiko wa tofaa na lozi uliopondwa ukafanana na udongo wa kujengea. Kipande cha mkate hufichwa ili watoto wakeshe wakikitafuta. Kitabu cha usiku huo kinataja watoto wanne, mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua hata kuuliza, na kila mmoja anapewa jibu lake. Waliotunga utaratibu huo waliujua moyo wa mtoto. Walijua kwamba hawezi kushika habari iliyoletwa kabla hajaitamani, na kwamba watoto wanne wa nyumba moja hawafundishiki kwa maneno yaleyale. Anayedai kwamba michezo, mapishi na maswali ni uzushi wa kisasa ausome upya utaratibu wa Pasaka.

Hata hivyo, Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi, ina habari nyingine inayopaswa kusomwa pamoja na hiyo. Inasimulia kwamba zamani mwenye baba alifundishwa na baba yake, na asiye na baba hakujifunza Torati. Zikajaribiwa njia kadhaa, mpaka kuhani Yoshua ben Gamla, aliyeishi katika karne ya kwanza, akaagiza kwamba walimu wawekwe katika kila wilaya na kila mji, na watoto waingizwe wakiwa na miaka sita au saba. Talmudi inasema kwamba pasipo yeye Torati ingesahaulika katika Israeli. Wanachuoni waliofuata wakaweka hata idadi: mwalimu mmoja kwa watoto 25, msaidizi wakifika 40, walimu wawili wakifika 50. Habari hii ni nzito kwa sababu inaeleza shule ilizaliwa na nini. Ilizaliwa kwa sababu nyumba peke yake iliwaacha yatima nje.

Yatima wa leo si lazima awe amefiwa. Huenda baba na mama wapo, wanampenda, ila hawakufundishwa Kiebrania au walikisahau kabla hawajamaliza sekondari, na mmoja wao huenda si Myahudi. Utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 uligundua kwamba miongoni mwa Wayahudi wa Marekani waliofunga ndoa tangu mwaka 2010, asilimia 61 walioana na mtu asiye Myahudi. Kumwambia mzazi wa namna hiyo kwamba nyumba ndiyo shule, kisha ukaishia hapo, ni kumpa jembe bila shamba. Lakini ukweli huohuo unaweza kuwatetea wanaolegeza. Darasa la zamani lilimchukua mtoto, likamfungia mzazi mlango, naye akabaki ndani ya gari akisoma gazeti. Mpango unaomwita mzazi akae chini, akande unga wa mkate wa Sabato na mwanawe na kusikia baraka yake neno kwa neno, unamfundisha mtu mzima ambaye asingethubutu kujiandikisha darasani kwa jina lake mwenyewe. Hilo ni jema kubwa, na nadhani ndilo tunda bora la mageuzi haya yote.

Na tusiwe wepesi kuwalaumu watu kwa kuikimbia shule ya nyongeza. Saa mbili kila Jumapili kwa wiki 30 ni saa 60 kwa mwaka, yaani kama siku 10 za shule ya kawaida. Ndani ya muda huo mwalimu hutakiwa kumaliza alfabeti, sala, sikukuu, historia ya miaka elfu tatu na maadili, mbele ya watoto waliochoka. Rebecca Gratz alipoanzisha shule ya Jumapili ya Kiyahudi huko Philadelphia mwaka 1838, lengo lake lilikuwa kuwapa watoto wasio na elimu ya dini mahali pa kuanzia, na hilo alilitimiza kwa heshima. Kosa lilikuja baadaye, pale kianzio kilipobebeshwa mzigo wa safari nzima. Shule kamili za Kiyahudi za kutwa hutoa saa za kutosha, ila nje ya jamii za Orthodox, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za dini kwa ukali zaidi, nyingi hutoza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na mwenye watoto watatu anajua hesabu hiyo inaishia wapi. Kambi za kiangazi, kama zile za Ramah zilizoanza Wisconsin mwaka 1947, zimeonyesha kwamba wiki chache za kuishi Sabato na kuimba sala kila siku zinaweza kumbadilisha mtoto, ila nazo zina gharama, na kiangazi hakidumu.

Wasiwasi wangu unaanzia kwenye Kiebrania. Gombo la Torati huandikwa kwa konsonanti tupu: halina irabu, halina vituo, halina alama za lahani ya kusomea. Aliyesoma chuo cha Kurani katika pwani yetu atanielewa haraka nikisema ni kama maandishi ya Kiarabu yasiyo na irabu, mbele ya umma, huku ukitakiwa usome kwa mahadhi. Mtoto husimama jukwaani akiwa na kijiti cha fedha chenye mkono mdogo nchani, kwa maana gombo haliguswi kwa kidole, na kijiti hicho hutembea chini ya mstari. Aliyejifunza kusoma, jicho lake likiteleza, hulitafuta neno na kuendelea. Aliyekariri sauti iliyorekodiwa hawezi. Sauti inaendelea kutoka kinywani huku kijiti kimesimama mahali pengine, na msomaji mkuu aliye kando yake humrudisha kwa kumnong'oneza. Wageni hawatambui, na familia inafurahi kwa haki yake, lakini mtoto mwenyewe anatambua. Ameambiwa kwamba leo amepokea urithi, naye anajua hawezi kuufungua peke yake.

Kusoma namna hiyo hakuji kwa msukumo wa siku moja. Kunataka marudio, dakika chache kila siku kwa miaka, na mipango mingine legevu huruka hapo kwa sababu marudio hayavutii. Zipo zisizoruka, na ndizo za kuigwa: zinafundisha herufi kwa nyimbo, kwa udongo wa kufinyanga, kwa mtoto mkubwa kumfundisha mdogo, lakini mwisho wa mwaka kila mtoto anasoma ukurasa wa sala asiowahi kuusikia. Sherehe ya kale ya kupaka asali kwenye herufi za kwanza za mtoto ili ailambe ilikuwa na akili hiyohiyo, kwani utamu uliwekwa juu ya herufi yenyewe.

Jirani zetu wa Mbale, Uganda, wamepitia pande zote mbili za jambo hili. Jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao miaka ya 1970, waliobaki waliiweka dini nyumbani kwa siri. Nyumba ilifanya kazi kubwa, kwa sababu hawakutoweka. Lakini walipungua vibaya, na walioiinua jumuiya tena katika miaka ya 1980 walikuwa vijana waliokusanyika, wakaishi na kujifunza pamoja. Leo wana shule ya msingi na ya sekondari, ambamo watoto wa Kikristo na Kiislamu nao husoma.

Kwa hiyo ningewaachia walimu wa Marekani uhuru karibu wote wanaouomba: saa, mahali, mpangilio wa mada, hata kuacha mitihani. Mambo mawili ningeyakaza: mtoto ajue kusoma, na mzazi awepo. La pili ndilo gumu, kwa sababu mzazi anayefanya kazi mbili hawezi kuwepo saa tisa alasiri, na mipango mingi mizuri imejengwa kwa ajili ya wenye nafasi. Kituo kinachomchukua mtoto shuleni na kumlea mpaka mzazi atoke kazini, kisha kikamkaribisha mzazi huyo Ijumaa jioni kwa chakula na nusu saa ya kusoma pamoja, kinamhudumia yule ambaye Ben Gamla alimfikiria. Kinagharimu fedha, na sehemu kubwa ya fedha hizo inapaswa kutoka kwa jumuiya nzima, wakiwemo wale ambao watoto wao wamekwisha kukua.