Huku mpangaji anaambiwa maji yalifika wapi, Dar tunaambiwa bei tu

Wadau, mi naishi Brooklyn, jijini New York, mtaa wa Canarsie, na kitu ninachotamani kihamie Dar sio maghorofa wala treni, ni kipengele kimoja cha mkataba. Nilivyopanga hapa mwenye nyumba ilibidi aandike kama nyumba iko eneo la mafuriko na kama maji yalishawahi kuingia, maana tangu Juni 2023 sheria ya jimbo la New York inamlazimisha. Af jiji lina ramani mtandaoni, bure, unaandika anwani yako unachagua miaka ya 2050 au 2080 unaona bahari ikishapanda eneo la mafuriko litafika wapi.

Na walijifunza kwa maumivu aisee. Kimbunga Sandy, Oktoba 2012, kiliua watu zaidi ya 40 jijini hapa, na Canarsie yetu maji yaliingia nyumba ambazo nyingi kwenye ramani zilikuwa nje ya hatari, kisa ramani zilitegemea vipimo vya mwaka 1983! Bahari ya huku imepanda kama sentimita 30 tangu 1900, sasa ramani inayoangalia nyuma tu inakusaidia nini?

Kiukweli Dar nako ramani zipo. Kuanzia 2015 mradi wa kuchora ramani, Ramani Huria, uliwaingiza mtaani wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaa kama Tandale, wakachora nyumba na mitaro, wakauliza wenyeji maji hufika wapi. Kazi nzuri sana, ila mnunuzi wa kiwanja haioni. Dada yangu alitembezwa na dalali upande wa Kunduchi mwezi wa nane, ardhi kavu kabisa, akasifiwa upepo wa bahari na barabara inayokuja, maji hakuna aliyeyataja, mpaka alipomsalimia mama wa nyumba ya jirani ndo akaonyeshwa alama ya tope ukutani, usawa wa kitasa cha mlango.

Na tusidhani ni mvua peke yake. Mto Msimbazi unamwaga baharini pale daraja la Selander, sasa bamvua (maji makubwa ya bahari) likijaa huku mvua imepiga kule juu Pugu maji ya mto yanakosa pa kutokea, yanatuama Jangwani, na bahari ikizidi kupanda ndo yatachelewa zaidi kutoka. Mafuriko ya 2011 tulizika watu, wengine wakahamishiwa Mabwepande nje ya mji, leo watu wananunua viwanja mabondeni kama hatukuona.

Mauziano yetu mengi yanagongwa mhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Basi ramani ibandikwe pale pale ukutani, ionyeshe na bahari ya 2050, na mhuri usigongwe mpaka muuzaji ameandika kwa mkono wake maji yaliwahi kufika wapi, dalali naye aweke jina na saini hapo chini.