Maabara ya Utafiti Ipimwe kwa Kilicho Juu ya Dari

Kila ninapoonyeshwa michoro ya maabara mpya ya utafiti wa tiba hapa Kisumu, huanza kuonyeshwa sura ya mbele, yaani ukuta mrefu wa vioo unaotazama ziwa. Mimi huomba mchoro wa mkato, ili nione kilichopo kati ya dari ya chumba cha kazi na sakafu ya ghorofa inayofuata.

Chukua chumba cha kuoteshea vimelea vya kifua kikuu. Hewa sharti ivutwe kutoka ushorobani kuingia ndani, isirudi nyuma kamwe, na kwa hiyo mtu hupita kwenye kijumba chenye milango miwili isiyofunguka kwa wakati mmoja. Hewa inayotolewa nje mara nyingi hupitishwa kwenye vichujio vya hepa, ambavyo hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3. Kazi hiyo yote hufanywa na feni, mabomba na nyaya, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichoharibika. Fundi akilazimika kubandua dari ya chumba hicho ili abadilishe mkanda wa feni, utafiti husimama hadi chumba kitakaswe upya.

Msanifu majengo Louis Kahn alilitatua jambo hili katika jengo la utafiti la Taasisi ya Salk, huko La Jolla, California, iliyokamilika mwaka 1965: juu ya kila ghorofa ya maabara aliweka ghorofa nzima ya mitambo, ambamo fundi hutembea wima bila kumsumbua mtafiti. Alikuwa amekwisha kupata funzo Philadelphia, ambako watafiti wa jengo lake la awali la maabara, la Richards, walibandika karatasi za foili madirishani kwa kuudhiwa na jua.

Funzo hilo la pili linatuhusu sisi zaidi. Kisumu ipo karibu kabisa na ikweta, na mandhari ya ziwa ipo magharibi, liliko pia jua la alasiri. Anayetaka vioo upande huo anunue na mitambo ya kuvipoza. Jengo lilale mashariki hadi magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini chini ya vivuli vipana. Hewa safi nayo isivutwe karibu na taa za usiku, kwani wadudu wa ziwani, wale wanaopanda angani kama moshi, wataziba vichujio.

Watafiti wa malaria, kama wale wa KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) kule Kisian, wana tatizo la ziada: mbu wanaofugwa huhitaji joto la nyuzi 27 hivi na unyevu mwingi, ilhali jokofu la nyuzi 80 chini ya sufuri hutapika joto chumbani lilimo. Vyumba hivyo visitumie mfumo mmoja wa hewa.

Najua mfadhili huhesabu mita za mraba, na ghorofa ya mafundi humwonekea kama hasara. Fedha zikipungua, ningekata kwanza ukumbi wa mapokezi, kisha vioo, na ghorofa hiyo ningeiachia kimo chake cha mita mbili na nusu pamoja na ngazi yake ya nje.