Kuhifadhi SWF pekee hakutoshi

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba hifadhi ya kidijitali ikishakuwa na faili la SWF (faili la mwisho analochezesha mtazamaji), katuni iliyotengenezwa kwa Flash, programu ya zamani ya uhuishaji, imeokoka. Kwa mtazamaji, sawa: Ruffle, programu inayoiga kichezeshi cha Flash, inazichezesha nyingi, na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, inaitumia tangu 2020. Lakini SWF ni kazi iliyokwisha kufungwa. Majina ya tabaka za mchoro, tabaka za mwongozo (za kumsaidia mchoraji tu, hazionekani kwenye katuni), maelezo ya mchoraji ndani ya msimbo, vyote hubaki kwenye FLA, yaani faili la kazi ambalo SWF hutolewa kwalo, na Ruffle haifungui FLA. Tena FLA si moja. Kuanzia toleo la Flash CS5 la 2010 ni zipu tu (furushi la mafaili yaliyobanwa): mimi hubadilisha kiendelezi, naifumua, nakuta DOMDocument.xml inayosomeka kwa programu yoyote ya maandishi (picha zilizoingizwa, hata hivyo, zimejificha kwenye mafaili ya .dat). Za kabla ya hapo ni fumbo la baiti, na humo ndimo zilimo katuni za miaka ambayo Flash ilitamba. Nilichoweza ni kuzifungua kwa toleo la zamani la Flash ndani ya kompyuta pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine), kisha kuzihifadhi upya, na fonti zikapotea njiani. Kuna aliyepata njia ya kufungua FLA hizo za zamani isiyohitaji programu ya Flash yenyewe?