Uhuru na Kazi, Lakini Nani Aamue?

Hoja kwamba Watanzania wa miaka ya mwanzo ya uhuru walihitaji kusukumwa na serikali wafanye kazi kwa bidii haikosi mashiko. Nchi ilikuwa maskini, kaya zilitawanyika kiasi kwamba shule, zahanati na maji vilikuwa vigumu kuzifikia, na kijiji kilichoachwa kijiamulie kingeweza kuangukia mikononi mwa wachache wenye mali.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kuwa tatizo lilikuwa bidii, ilhali Azimio la Arusha lenyewe, tamko la ujamaa la chama tawala TANU la mwaka 1967, lilikiri kuwa wanawake wa vijijini wakati mwingine walifanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili, huku wanaume wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo hutumiwa kuwakemea wanaume, na ni haki yao wakemewe, lakini yanasema zaidi ya hapo. Waliochoka kuliko wote ndio waliokuwa na kauli ndogo kuliko wote kuhusu kilimwe nini na mapato yaende wapi. Kuwaongezea saa za jembe kusingewaongezea uhuru hata chembe.

Ndiyo maana Ruvuma, kusini mwa Tanzania, inastahili kutazamwa kwa makini. Katika Litowa na vijiji vingine vilivyoungana chini ya jumuiya ya maendeleo iliyojulikana kama RDA (Ruvuma Development Association), wanavijiji walijadiliana na kugawana kazi wenyewe, wakaendesha shule yao na kumiliki kinu cha kusaga nafaka, wala hawakuhitaji msimamizi wa kuwahimiza kwenda shamba walilolipanga wao. Rais Nyerere aliisifu jumuiya hiyo, lakini Kamati Kuu ya TANU ikaivunja mwaka 1969. Waliosema ilikuwa dola ndani ya dola hawakukosea kabisa, ila ilikuwa dola ya wakulima.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, hatua ambazo Nyerere mwenyewe alikuja kuzikiri kuwa makosa, na sheria za mwaka 1982 zikavirejesha. Lakini mamlaka hayakurejeshwa yote: diwani huchaguliwa na wananchi, mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, na sehemu kubwa ya fedha hutoka serikali kuu. Watetezi wa utaratibu huu husema unazuia ubadhirifu, na huenda kwa kiasi unauzuia. Ila wanakijiji wanaoitwa mkutanoni kupokea mpango uliokwisha kuamuliwa kwingine wana sababu ya kubaki mashambani mwao.