Kasa yupi huyo aliyepona?

Asubuhi ile nilikuwa sijamaliza hata chai. Kundi letu la WhatsApp la ukoo, ambalo kwa kawaida ni dua za Ijumaa na michango ya arusi, limejaa picha ya kasa anaogelea na maandishi mekundu: KASA WAMEPONA. Chini yake binamu yangu, mvuvi wa jarife, ule wavu wa macho makubwa, na mtu wa maskhara tangu utotoni, kaandika: "Alhamdulillahi. Basi sufuria zirudi jikoni." Watu wakacheka weee. Mimi nikajibu kwa ukali, na tangu siku hiyo nina jina jipya kwenye ukoo: Mama Kasa.

Habari yenyewe si uongo, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Oktoba 2025, kwenye mkutano wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kule Abu Dhabi, aina moja ya kasa iliondolewa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, ikawekwa kwa wale wasiotia wasiwasi mkubwa. Idadi yake duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Aina moja. Uziwa. Aliyeileta habari kwa Kiswahili kaona kasa ni kasa, jina kalitupa, kaendelea na shughuli zake.

Mtu wa Dodoma nitamsamehe. Sisi wa pwani tuna udhuru gani? Dunia nzima ina aina saba za kasa wa baharini, na tano kati yake zinapita mbele ya milango yetu: uziwa, ng'amba, duvi, noa na kigome. Majina hayo walipewa na watu waliowashika kwa mikono. Leo uziwa tunamwandika "kasa wa kijani", na ukimuuliza mwandishi kijani kiko wapi anakuonyesha gamba. Gamba la uziwa aghalabu ni la kahawia, bwana! Kijani ni mafuta yake ya ndani. Hilo ni jina la watu waliomjulia kwenye supu.

Mimi nilifundishwa na mjomba, mvuvi wa upande wa Pangani, nikiwa na miaka tisa au kumi hivi. Jarife lilikuwa limemnasa mmoja, wamemlaza chali pale dikoni, na kila baada ya muda anashusha pumzi ndefu kama mtu mzima aliyechoka. Nikajificha nyuma ya mjomba. Akanivuta, akashika kidole changu akakiweka katikati ya macho ya yule mnyama, juu kidogo ya pua. "Hesabu magamba, mwanangu." Manne. "Manne ni ng'amba. Yangekuwa mawili marefu, uziwa huyo." Kisha akanipitisha mkono mgongoni kwake. Magamba yamepandana kama vigae, ukingo una meno kama msumeno, na mdomo umechongoka kama wa mwewe. Mpaka leo nikiziba macho kidole kinakumbuka.

Na nisijifanye mtakatifu, uziwa nimemla. Wa nazi. Ng'amba kwetu hakuwa wa kuliwa, alikuwa wa gamba, na gamba hilo lina historia ndefu kuliko msikiti wowote wa pwani hii. Wagiriki waliofika Rhapta, bandari ya kale ya pwani hii, karibu miaka 2000 iliyopita waliliandika kwenye orodha ya bidhaa pamoja na pembe za ndovu. Karne zote hizo za vitana na vijisanduku vya wenye nazo! Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku miaka ya 1970, na hata hapo Japani ikaendelea kununua hadi mwisho wa 1992. Ndiyo maana ng'amba hadi sasa yuko kwenye hatari ya juu kabisa ya kutoweka. Picha ya uziwa anayeogelea haimsaidii kitu.

Lakini anayeniuma hasa ni kigome.

Kigome ndiye mdogo kuliko wote watano. Watafiti wa miaka ya 1970 walipopita Maziwe, kile kisiwa mbele ya kijiji cha Ushongo, Pangani, waliandika kwamba hapakuwa na mahali Afrika Mashariki palipokuwa muhimu kwa kigome kutaga kama pale. Wakati huo Maziwe ilikuwa kisiwa kweli, ina mivinje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti imekwisha, kumebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linazama lote. Nani alikata, au bahari ndiyo iliyokula, ubishi huo waulize wazee wa kijiweni, ila uende na muda. Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga, na kuna watu wanaohamisha mayai hadi ufuko wa Ushongo kabla maji hayajayafikia, kazi ambayo siwezi kuisifu ikatosha. Wageni wanakuja kutazama vitoto vikikimbilia maji, wanapiga makofi. Vitoto hivyo ni vya uziwa. Kigome hatagi tena Maziwe. Kwa hiyo unaweza kusimama Ushongo ukasema "kasa wamerudi Maziwe", ukawa umesema kweli, na hapohapo umemzika kigome bila hata kumsomea hitima.

Haya, nikubali lililo la kukubali. Ulinzi unafanya kazi. Aldabra, huko Shelisheli, uziwa wamelindwa tangu 1968 na wanaopanda kutaga wameongezeka mara kadhaa. Kuna kasa waliovishwa vibati vya alama Shelisheli na Komoro wakaja kunaswa kwenye nyavu zetu, maana yake sehemu ya hawa tunaowashangilia ni jasho la jirani. Jirani kafuga, wewe unatia nazi. Na huyo anayetoka yaini leo, akiponea kaa, ndege, papa na jarife la binamu yangu, hatataga kabla ya 2045.

Mahoteli na taa zao zinazowapoteza vitoto usiku, hayo siku nyingine. Mnaowanyanyua kasa kwenye vidimbwi ili mpige nao picha, mnajijua. Na noa, yule mkubwa asiye na gamba gumu, mlo wake ni yavuyavu. Mfuko wa plastiki unaoelea kwake ni chakula.

Ila kuhusu sufuria sina kejeli. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, walizikwa saba, mmoja wao wa miaka mitatu. Sumu iliyomo haina harufu wala haigeuzi rangi ya nyama, kuchemsha hakuiondoi, na hospitali haina dawa ya kuipinga. Ng'amba ndiye anayetajwa zaidi, lakini hata uziwa amewahi kuua. Kwenye sahani zilizopakuliwa siku zile, huenda mkubwa alimchagulia mtoto kipande kizuri. Nikifika hapo nashindwa kuandika.

Haya yote niliyaandika kwenye kundi, kwa urefu huuhuu, na nikajibiwa kwa kidole gumba kimoja cha shangazi.

Juzi usiku binamu akanitumia picha, si kwenye kundi, kwangu peke yangu. Kasa ndani ya ngalawa, tochi imemmulika upande. "Dada, huyu yupi?" Nimeikuza picha mpaka macho yakauma. Imetikisika, na kati ya macho kuna jani la mwani limeganda. Nimemwandikia: toa hilo jani, weka kidole, hesabu. Nimempigia mara mbili, simu haipatikani. Bila shaka mtandao umeishia kwenye mwamba.